Nilivyovushwa na Mkwe Wangu

Kile kisiwa chetu ukionyeshwa utacheka. Wageni wote hucheka. Ni kipande cha ardhi ndani ya ghuba, nyuma ya Mtongwe, kimezungukwa na mikoko, na mtu mzima akikizunguka kwa miguu hurudi alipoanzia chai yake haijapoa. Hakuna nyumba, hakuna kisima. Juu kabisa, pale mchanga ulipoinuka, pana makaburi ya wazee wa marehemu mume wangu. Hiyo ndiyo sababu mimi, niliyezaliwa katika mashamba ya minazi na ambaye sikufundishwa bahari, nimekanyaga lile tope mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Ukoo wa mume wangu una desturi. Mwanamume akioa binti wa nyumba ile, Idi ya kwanza baada ya harusi hupelekwa kisiwani. Hufagia makaburi kwa mkono wake, husoma Fatiha, hutajiwa majina ya waliolala pale. Akirudi ng'ambo amekuwa mtu wa nyumbani. Asipopelekwa, hata azae watoto kumi, siku ya shida ataulizwa, "Wewe ni nani hapa?" Binti yangu alikuwa mmoja tu. Sikutaka mumewe aje aulizwe yeye ni nani.

Huyo mumewe alikuwa mtu wa bara, wa huko kwenye ziwa kubwa, mrefu kama mlingoti, akipakua mizigo uwanja wa ndege. Alisilimu, akaoa, wakapanga chumba na sebule Port Reitz. Kazi alikuwa nayo, adabu nayo alikuwa nayo, ila ilikuwa adabu ya kwao. Siku ya kwanza kuletwa nyumbani alinijia moja kwa moja, mkono mbele, meno nje, "Habari yako, mama!" Wanawake wakatazamana. Mimi nikauficha mkono wangu ndani ya buibui kama mtu aliyenyooshewa kaa la moto.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mwenzake apite. Mimi mkwe wangu akiwapo hujitanda leso mpaka puani, na nikiwa na neno lake hulituma kwa mtu, hata kama yeye amesimama hatua mbili kutoka hapo. "Mwambie baba chakula tayari." Naye hujibu, "Mwambie mama ahsante." Watu wa bara huona kama mchezo wa watoto. Si mchezo. Huyo ndiye aliyemchukua mwanangu kitandani, na mimi ndiye niliyemzaa mkewe. Tukizoeana, haya itakaa wapi?

Yule kijana alijifunza. Binti yangu alimfundisha, na lazima nikiri alifundishika. Lakini mimi moyoni nilikuwa bado namwona na ule mkono wake mbele.

Sasa, mwaka huo kulikuwa na Idi mbili. Wa pwani wanajua ninachosema. Redio ilitangaza usiku kwamba mwezi umeonekana huko mbali, kesho ni Idi. Imamu wetu wa msikiti mdogo, mzee wa watu, akasema yeye ametazama na vijana wake wametazama, mwezi hawakuuona, na atafunga mpaka itimie thelathini. Mtaa ukagawanyika. Nyumba hii inapika pilau, nyumba ya pili inakunja uso. Mimi nilifuata redio. Wifi yangu, dada wa marehemu, tuliyekuwa tukikaa naye ua mmoja, akafunga na imamu wake. Siku ile nilikula pilau kibarazani huku yeye akinipita na ndoo ya maji, midomo mikavu, akisema kwa sauti ya kusikika, "Mwenyezi Mungu atupe mwisho mwema."

"Amin," nikamjibu, na nikatafuna.

Siku ya pili yake na yeye akasherehekea. Siku ya tatu yangu, ambayo kwake ilikuwa ya pili, ndiyo tuliyopanga kwenda kisiwani na mkwe.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana maji ya bahari huenda na mwezi. Mwezi mchanga huleta bamvua. Maji hupwa mpaka ghuba inabaki tope na mkondo mmoja mwembamba, na hapo ndipo kisiwani hupitika kwa miguu. Na mwezi ukizidi siku moja, kupwa nako huchelewa kidogo, karibu saa nzima. Hayo nilifundishwa na mume wangu, na kila mwanamke wa Mtongwe anayeokota chaza anayajua. Basi kama leo ni mwezi tatu, tuna nafasi ya kunywa chai. Kama ni mwezi pili, tushike njia mapema.

"Leo mwezi pili, wifi," akasema wifi yangu tangu alfajiri. "Tutoke."

"Leo mwezi tatu. Kaa unywe chai."

"Mwezi tatu wa wapi? Wa redio?"

"Wa Waislamu."

"Haya basi. Bahari yetu nayo inasikiliza redio?"

Ningemkubalia, yangekwisha. Lakini ona nilivyobanwa: kumwambia twende na mwezi wako ilikuwa ni kukiri mbele ya binti yangu na mumewe kwamba nilikula pilau mchana wa Ramadhani. Kwa hivyo nilitia chai kikombe cha pili. Sikuwa na kiu.

Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi sita, na mja mzito hapelekwi makaburini. Tukamwacha ukingoni mwa mikoko na kikapu cha mkate wa sinia na chupa ya chai, sisi watatu tukashuka. Mkwe akatangulia. Hakuijua njia, lakini sisi wanawake tungepandisha buibui, na haifai mkwe awe nyuma. Mgeni akawa mbele, wifi yangu akimwongoza kwa kelele.

"Kushoto, mwanangu! Kushoto! Shika ule mkoko!"

"Huu?"

"Huo ni kijiti! Ule mkub... basi tena."

Alikuwa ameshazama mpaka kiunoni. Akajitoa mwenyewe, viatu mkononi, suruali ya Idi imekuwa rangi moja na ghuba, akacheka. Wifi yangu akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitazama pembeni nikajitanda leso vizuri.

Ghuba ikipwa hupendeza kwa namna yake, si kwa namna ya picha. Inanuka. Tope linalia tik-tik kila mahali, maana chini yake kuna viumbe vinavyopumua. Kaa wadogo wa gando moja jekundu hutoka mashimoni kwa maelfu wakapunga magando kama watu wanaoita gari. Kuna samaki wa ajabu, macho juu ya kichwa, wanatembea kwenye tope kwa mapezi na kuruka mtu akiwakaribia. Mbali, kwenye ncha ya maji, siku ile walikuwapo heroe, wamejipanga wekundu-wekundu na vichwa chini, na mbele yao vitwitwi, ndege wadogo wa miguu myembamba, wanakimbia na kusimama, wanakimbia na kusimama. Mkwe alisimama akatazama kinywa wazi.

"Mwambie mama kwetu pia wako hawa," akamwambia wifi yangu.

"Mwambie si wakati wa kutazama ndege," nikasema.

Mkondo tulivuka maji yako magotini. Wifi yangu akainama akayatia mkono, akanitazama. Nilijua anatazama nini. Majani makavu juu ya maji hayakuwa yakielekea baharini. Yalikuwa yamesimama.

"Yanatoka," nikasema kabla hajasema.

"Mimi sijasema kitu, wifi."

Juu kisiwani mkwe alifanya kazi yake vizuri. Alifagia kila kaburi, akang'oa magugu, akachoma ubani. Wifi yangu akamtajia majina ya wazee, naye akayarudia moja moja, akakosea mawili, akayarudia tena mpaka akayapata. Akasoma Fatiha kwa lafudhi ya kwao, polepole, hakuruka neno. Wifi yangu akafuta machozi. Akasema, "Sasa wewe ni mtu wetu." Nami nilikuwa na la kusema pale, la baraka, kama mama, lakini lilikuwa la kutumwa kwa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa akipenga kamasi. Nikaliacha.

Wifi yangu akashuka chini kuokota chaza kwenye mizizi. Hakukaa. Akarudi na ndoo haijafika nusu.

"Wifi, njoo uone vitwitwi."

"Nimewaona."

"Walikuwa kule mbali. Sasa wako hapa chini yetu. Na kaa wanaziba mashimo."

"Vitwitwi wameogopa mwewe."

"Na kaa nao? Wameogopa mwewe?"

Nikamwambia ana haraka ya wapi, maji kwa hesabu yangu ndiyo kwanza yanafika mwisho wa kutoka, tuna muda wa kupumzika na kuswali. Wifi yangu ni mwanamke mdogo wa umbo, mweusi tititi, na akikasirika hunyamaza. Akaweka ndoo kichwani.

"Haya. Wewe kaa na mwezi wako. Mimi nakwenda na wangu."

Nilidhani anatania. Alishuka, akaingia mkondoni, nikaona maji yamempita magoti, yamefika mapajani, akapandisha buibui juu zaidi. Nikajiambia amekanyaga shimo. Akatokea ng'ambo, akakaa karibu na binti yangu, ndoo mbele yake, uso kwetu. Hakupunga mkono.

Basi nikabaki mimi na mkwe wangu, peke yetu, kisiwani. Fikiria aibu hiyo kwanza, kabla sijafika kwa nyingine. Mkwe angemfuata wifi yangu, ningebaki na kiburi na heshima yangu, lakini yeye hakuweza kumwacha mama wa mkewe, na mimi sikuweza kushuka maana kushuka ni kushindwa. Akaenda kukaa upande wa pili wa makaburi, akanipa mgongo, magoti kifuani. Mimi nikajifunika. Hapakuwa na mtu wa katikati wa kutubebea maneno. Palikuwa na korongo tu, amesimama kwa mguu mmoja kwenye tope, anatazama zake.

Mkwe akakohoa.

"Ewe ndege," akasema kwa sauti, "mwambie mama kijiti nilichokichomeka pale ukingoni kimezama."

Nikafikiri nisijibu. Kisha nikaona kunyamaza ni ukali usio na maana.

"Ndege, mwambie baba tope la hapa ni laini. Kijiti kimedidimia."

Akakohoa tena. Halafu:

"Ndege, mwambie mama nilichomeka vitatu."

Wallahi nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, vyote pamoja. Korongo akaruka. Nikainua macho nikaona kwa nini ameruka: pale alipokuwa amesimama palikuwa maji. Tope lote lile lililokuwa likilia tik-tik lilikuwa limenyamaza. Maji yalikuwa yameingia chini ya mikoko bila sauti, safi, yanang'aa, yanapanda mizizi.

Nikasimama.

Tulishuka mpaka ukingo. Mkondo haukuwa mkondo tena. Ghuba yote ilikuwa imeungana. Mimi siogelei. Mkwe akajitia majini mwenyewe kupima, hatua chache yakamfika kifuani, na yeye nimekwambia alikuwa mrefu. Akarudi, akasimama mbali na mimi, akatazama chini.

"Mama," akasema, safari hii bila ndege. "Kwetu ziwani nimekua ndani ya maji. Naweza kukubeba."

Nikawa nahesabu njia nyingine. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu, wavuvi wako mjini kwenye sherehe za Idi. Kusubiri maji yapwe tena ni kusubiri mpaka usiku mkuu, mimi na mkwe wangu, kizani, juu ya kisiwa kimoja. Watu wangesemaje? Nikamwambia, na ndivyo nilivyosema, nikiutazama mkoko, "Baba aende. Amwache mama hapa. Mama atakaa na wazee."

"Mwanao ataniuliza nimekuacha wapi," akasema.

Na ng'ambo ile kulikuwa kumejaa. Siku za Idi watu hutembea pwani jioni ikikaribia. Wasichana na leso mpya, watoto na miwani ya plastiki ya rangi, wanaume na kanzu zao. Wote walikuwa wamesimama wanatutazama kama sinema. Nikamwona binti yangu ameinuka. Anaita, upepo unamchukua. Wifi yangu kamshika mkono, mwanangu akaunyakua. Akavua viatu. Akaingia majini.

Na ule mzigo wake mbele, mtoto wa watu, anakuja kunichukua mimi.

"Rudi!" nikapiga kelele. "Rudi, wewe!" Hakusikia. Maji yakamfika magotini. Mapajani. Akateleza, akajishika kwenye mzizi, akaendelea.

Nikamgeukia mkwe wangu. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu. Alikuwa kijana sana. Sikuwa nimelijua hilo.

"Baba," nikasema, "nibebe. Upesi."

Akageuka, akachutama, mgongo kwangu. "Mama, unisamehe," akasema. Mimi nikavua leso ya juu nikaikunja, nikaitandaza juu ya mgongo wake, ili ngozi isiguse ngozi. Ndiyo heshima iliyokuwa imenibakia, kipande cha kitambaa. Nikampanda.

Sitaeleza mengi. Buibui likanywa maji likawa zito kama gunia la chokaa. Alikwenda kwa hatua ndefu, maji yakamfika shingoni, kisha nikahisi miguu yake imeacha ardhi na tunaelea. Nikapiga ukelele. Nikashika nilichopata kushika, na nilichopata ni masikio yake. Yote mawili. Niliyavuta kama mtu anayepanda punda, huku nasoma kila dua ninayoijua na nyingine nikizichanganya. Yeye hakusema hata "aa." Ile leso ya katikati ikaniponyoka, nikaiona inakwenda zake. Na ya kichwani ikafuata. Mvi zangu, mabutu yangu mawili ya kusukwa nyumbani, na mimi na magoti yangu nje ubavuni mwa mume wa mwanangu, mchana kweupe, Idi.

Kwa mkono mmoja aliogelea, kwa mwingine alinishika mguu nisianguke. Pale aliponishika nilipahisi kwa miezi.

Binti yangu aliposimama akaona tunakuja alirudi nyuma mwenyewe, wifi yangu akamvuta juu. Sisi tukafika. Mkwe alinitua juu ya mchanga polepole kama kitu cha kuvunjika, kisha papo hapo akaondoka, akaenda nyuma ya mikoko asinione. Kutoka kwenye umati sauti ya mtoto ikasema, "Nyanya kapanda farasi!" Watu wakacheka, wanawake wakamnyamazisha, na kule kunyamazishwa kulinichoma kuliko kicheko.

Wifi yangu hakucheka. Alifungua leso yake ya juu, akanifunika kichwa na mabega, akanifunga kama maiti. Akanisogezea mdomo sikioni.

"Wifi," akasema taratibu, "leo mwezi ngapi?"

Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.

Siku chache baadaye nilifunga siku moja, bila kumwambia mtu. Lakini kwenye ua mmoja utaficha nini? Asubuhi wifi yangu alinipita nimekaa bila chai, akatazama jiko langu halina moto, akapita zake. Jioni aliniletea uji wa kufungulia na tende tatu kwenye kisahani. Aliviweka mlangoni akaondoka. Ningependa angenitukana.

Nilikwenda kumwuliza mwalimu wa madrasa, nikisema ni habari ya jirani yangu. Akanisikiliza. Akasema katika dini hakuna kosa lolote, mama mkwe ni maharimu kwa mkwewe, na kuokoa roho ni wajibu. "Mwambie jirani yako alale usingizi." Nikamshukuru. Lakini dini haikuwa imenikataza tangu mwanzo. Mimi nilikuwa naogopa macho ya watu, na macho hayana mwalimu. Nikienda dukani nasikia "farasi." Labda hawakusema. Mimi nilisikia.

Tangu siku ile sikukanyaga Port Reitz. Binti yangu alikuwa akija peke yake, na nikisikia nyayo mbili nilitoka kwa mlango wa uani. Siku moja alinikamata kwenye banda la kuku.

"Mama, utajificha mpaka lini?"

"Nani anajificha? Natafuta mayai."

"Yeye anauliza kila siku kama umemsamehe."

Neno lile lilinishinda. Nimsamehe yeye? Kwa kosa gani? Nikamwambia mwanangu aende zake nyumbani, jua linakuchwa.

Kisha akajifungua, hospitalini, salama, mtoto wa kike. Kwetu mwanamke akizaa mara ya kwanza hukaa siku arubaini na mamake pembeni. Mama ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anayemfunga tumbo, anayempikia uji wa pilipili manga, anayemfundisha kumshika mtoto. Mimi nikamtuma wifi yangu. Nikasema nina homa. Alikaa wiki moja, akarudi na kibunda chake, akakiweka chini mbele yangu.

"Nyonga zangu haziwezi kuinua masufuria ya maji. Na mwanao analia kila asubuhi. Anamtaka mamake, hanitaki mimi. Homa yako imepoa?"

"Imepoa."

"Basi chukua vitu vyako."

Nikaenda. Njia nzima, kivukoni na kwenye gari, nilikuwa nikipanga nitakavyojifunika, nitakaa chumba gani, nitapita mlango upi. Nikafika nikakuta mkwe hayupo. "Yuko zamu," binti yangu akasema, akatazama ukuta. Siku iliyofuata, yuko zamu. Na iliyofuata. Kila jioni nilikuta mlangoni samaki, au maziwa, au kuni, vimeachwa. Nilifurahi mno. Nilisema moyoni, Mungu amenisitiri, zamu zake zimekuwa nyingi. Nikawa najitandua leso mle ndani, natembea kichwa wazi, nacheka na mjukuu wangu kama niko kwangu.

Jirani yao alikuwa mwanamke wa bara, mfua nguo, mdomo wake haukuwa na kizuizi. Tulikuwa bombani tunasubiri maji.

"Mama, huyu mkweo atalala kwa watu mpaka lini?"

"Kwa watu gani? Yuko zamu."

Akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Zamu gani ya siku zote hizi? Analala chini huko kwa vijana watatu wa uwanja wa ndege, kwenye mkeka, tangu ulipokuja. Anasema mama akija nyumba ni ya mama, asije akaona haya. Mtoto wake mwenyewe hajamshika tangu siku hiyo."

Ndoo ilijaa ikamwagika, nikaiacha imwagike.

Nilikuwa nimedhani aibu ile ni mali yangu. Niliibeba miezi ile yote kama mtu aliyeiba kitu kikubwa. Kumbe nusu yake alikuwa amebeba yeye, na nusu hiyo ya kwake ilikuwa nzito zaidi, maana mimi nililala kitandani kwake nikishukuru Mungu kwa kunisitiri, naye yuko sakafuni. Sikuwahi hata kumwambia ahsante kwa kuniokoa roho. Si kwa mtu, si kwa ndege.

Jioni ile sikumwambia binti yangu kitu. Nilikaa nyuma ya mlango, nikasikia ndara zinakuja, zikasimama, na mtu akaweka kitu chini polepole asisikike. Nikafungua.

Alishtuka akarudi nyuma mpaka ukutani. Akageuza uso. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nilikuwa sijajifunika. Nilikumbuka leso imebaki kitandani, na nikaona kurudi kuichukua ni kumfungia mlango usoni. "Ingia, baba."

"Nitaingia siku nyingine, mama. Nina..."

"Huna zamu. Ingia. Ni nyumba yako."

Aliingia. Akavua ndara, akazishika mkononi, akasimama katikati ya sebule yake mwenyewe hajui aziweke wapi, kama mgeni aliyekosea nyumba. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo. Nikatazama chini, nikazipokea zile ndara, nikaziweka mlangoni. Kisha nikaingia chumbani nikamchukua mtoto kwa mamake, nikatoka naye, nikampa. Mikono yetu iligusana chini ya kitambaa. Hakuna aliyeiondoa haraka.

"Ahsante kwa siku ile," nikasema.

Nadhani alisema kitu. Sikusubiri kusikia. Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya mbuzi ya nazi, uso ndani ya viganja, masikio yananiwaka moto, na nilikaa hivyo mpaka binti yangu akaita kutoka chumbani:

"Mama! Uji unaungua!"